Riwaya gani tusome likizo hii? Tuulize kwanza zimetoka wapi

Shule zimefungwa, kaskazi imeshika, na jua la saa nane mchana halimtoi mtu nje ila kwa dharura. Kila mwaka msimu huu ukifika, wazazi wenzangu hunisimamisha njiani, aghalabu tukitoka msikitini baada ya alasiri, na swali ni lile lile: kijana yuko nyumbani wiki kadhaa, simu haimtoki mkononi, nimpe kitabu gani? Wengine huuliza kwa ajili yao wenyewe, ila hulisema hilo kwa sauti ya chini kidogo, kana kwamba mtu mzima kusoma hadithi ni jambo la kuonewa haya.

Leo nalijibu hapa, ili nisiwe nalijibu kipande kipande barabarani.

Sisi watu wa Pwani tumelelewa kwa mashairi. Bibi zetu wengi walijua tenzi kwa kichwa, na harusi haikuwa harusi bila ya wimbo wenye fumbo. Riwaya ilitujia baadaye, na wengi wetu ilitujia kwa mlango wa mtihani. Mwanafunzi wa sekondari leo anaijua Nguu za Jadi ya Clara Momanyi kwa sababu ndiyo inayotahiniwa. Atakutajia maudhui yake, wahusika wake na tamathali zake kwa vidole. Muulize kama aliipenda, atakutazama kama umemuuliza kama anapenda jedwali la kuzidisha. Kosa si la mwandishi. Kitabu kikisomwa kwa ajili ya alama tu, hakipati nafasi ya kumwingia mtu.

Kwa hivyo katika likizo nina kipimo kimoja ninachokitumia kuchagua. Siangalii sana tuzo, wala jalada, wala maneno ya sifa yaliyobandikwa nyuma. Natafuta kujua ni kitu gani kilichomchoma mwandishi mpaka akakaa chini miaka miwili mitatu kuandika. Habari hiyo siku hizi haifichiki. Waandishi huhojiwa redioni na mitandaoni, na wenyewe husema. Ukishajua chanzo, unajua kama kitabu kile kina jambo na wewe.

Nianze na mtu ambaye jina lake sote tulilisikia mwaka 2021 alipopewa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, lakini ambaye wachache mno miongoni mwetu tumemsoma: Abdulrazak Gurnah. Amezaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka akiwa kijana wa miaka 18 katika ile misukosuko iliyofuata mapinduzi, akaenda Uingereza, na huko akasomesha chuo kikuu cha Kent mpaka akastaafu. Hakurudi nyumbani miaka 17. Alipopata kurudi, mwaka 1984, alimkuta baba yake amekuwa mzee. Amesimulia kwamba siku moja alimwona baba yake kupitia dirishani akivuka njia kwenda msikitini, na hapo likamjia swali: mzee huyu alikuwa mtoto mdogo wakati Mzungu anaingia na kutwaa nchi. Mtoto yule aliona nini? Ulimwengu uliokuwa ukivunjika ulionekanaje kwa macho ya mtoto?

Kutoka katika swali hilo ikazaliwa Paradise, iliyochapishwa 1994. Kijana Yusuf anachukuliwa na mfanyabiashara tajiri anayemwita "ami", kumbe amewekwa rehani kwa deni la baba yake. Anatiwa katika duka, halafu katika msafara wa kwenda bara. Msomaji Mwislamu hahitaji kuelezwa sana. Jina la kijana ni Yusuf. Jina la tajiri ni Aziz. Ndani ya nyumba ya tajiri kuna bibi mwenye nyumba, na kijana ni mzuri wa sura. Aliyekaa chuoni akasomeshwa Sura Yusuf atajua mara moja mwandishi anachota wapi, na atafurahi kuona pale anapoiacha njia ile na kushika yake. Msomaji wa London anaweza kumaliza kitabu chote bila ya kulinusa hilo. Sisi tunalipata bure, na kwa nini tusilichukue?

Jambo zuri zaidi ni kwamba kitabu hicho sasa kipo kwa Kiswahili. Kinaitwa Peponi, kimefasiriwa na Ida Hadjivayanis, Mzanzibari anayesomesha Kiswahili London, na kimechapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam mwaka 2022. Mtu anayeniuliza aanze wapi, namwambia aanze hapo. Mazungumzo ya dukani na ya msafarani, ukiyasoma kwa Kiswahili, unahisi yamerudi nyumbani kwao.

Kitabu chake kingine ninachokipenda, na pengine ndicho ninachokipenda zaidi, ni By the Sea cha mwaka 2001. Nacho kina chanzo chake. Mwezi wa Februari mwaka 2000 ndege ya Afghanistan ilitekwa nyara ikapelekwa mpaka uwanja wa Stansted, Uingereza, na baadhi ya abiria wakaomba hifadhi. Gurnah aliona habari ile katika televisheni, na katika abiria wale akamwona mzee wa ndevu nyeupe. Akajiuliza, mtu wa umri ule, ambaye kwa kawaida anajiandalia kaburi karibu na wazee wake, anakimbilia nini ugenini? Basi akamwandika mzee wa kwao Zanzibar anayeshuka uwanja wa Gatwick na kijisanduku cha udi mkononi. Afisa wa uhamiaji anamchukulia udi ule. Sitakueleza zaidi. Nitasema tu kwamba kurasa za mwanzo, za mzee na afisa na kijisanduku, nimezisoma mara nne, na kila mara nasikia harufu.

Habari ile ile tuliiona sote. Ilipita katika taarifa ya saa moja, tukanywa chai, tukalala. Mtu mmoja ilimkaa.

Riwaya yake mpya, Theft, ilitoka mwezi wa Machi 2025, ya kwanza tangu apewe Nobel. Ni habari ya vijana watatu wa Zanzibar na Dar es Salaam, Karim, Fauzia na Badar, katika miaka ambayo utalii ulianza kuja na mahoteli yake. Badar ni mtoto wa kimaskini aliyepelekwa kutumikia katika nyumba ya watu, na siku moja anashutumiwa wizi. Miaka 31 baada ya Paradise, mwandishi amerudi kwa mtoto anayekabidhiwa nyumba ya wengine. Naona kuna jambo hapo ambalo halijamtoka. Na kwa nyumba zetu za Pwani, ambamo karibu kila moja ina "mtoto wa kazi" aliyeletwa kutoka mashamba, kitabu hiki hakisomeki kwa utulivu. Kwa mtazamo wangu mwendo wake ni wa polepole mwanzoni, mvumilie.

Sasa nitoke kwenye Kiingereza, maana najua wapo wanaosema, "Huyu naye anatuletea vya Wazungu."

Adam Shafi ni wa Zanzibar vile vile, amezaliwa 1940. Yeye ameandika kwa Kiswahili maisha yake yote, na kila riwaya yake ukiivuta uzi unafika kwenye jambo lililotokea kweli. Kuli, ya mwaka 1979, imetoka katika mgomo wa wafanyakazi wa bandari ya Zanzibar wa mwaka 1948. Kijana Rashidi anafuata kazi ya baba yake ya kubeba mizigo, na polepole anajifunza kusema hapana pamoja na wenziwe. Ningependa kila nyumba ya Mombasa yenye mtu aliyewahi kufanya kazi Kilindini isome kitabu hiki. Tusisahau kwamba mgomo wa Zanzibar ulikuja mwaka mmoja tu baada ya wetu. Januari 1947 Mombasa ilisimama karibu wiki mbili, bandari na reli na mahoteli, watu wapatao 15,000 wakiwa wameweka kazi chini. Zanzibar mgomo wao una riwaya ambayo watoto wanaisoma. Wetu uko katika vitabu vya historia vya vyuo vikuu, kwa Kiingereza, na katika vichwa vya wazee ambao kila mwezi tunawazika.

Haini ya mwaka 2003 ilitoka gerezani. Baada ya Rais Karume kuuawa Aprili 1972, watu wengi walitiwa ndani, na Adam Shafi alikuwa mmoja wao. Ilimchukua miaka 30 hivi kulitoa jambo lile kama riwaya. Msomaji wa Kenya atamkumbuka hapo Abdilatif Abdalla wetu, aliyefungwa 1969 mpaka 1972. Yeye yaliyomchoma gerezani aliyatoa kwa mashairi, ndiyo Sauti ya Dhiki. Magereza ya miaka ile ile, bahari ile ile, na kila mmoja akachukua chombo alichokizoea mkono wake.

Anayetaka kitu chepesi zaidi achukue Mbali na Nyumbani ya 2013. Ni maisha ya Adam Shafi mwenyewe alipokuwa kijana asiye na fedha wala pasipoti ya maana, akaondoka kwa njia ya bara kupitia Kenya, Uganda na Sudan, nia yake kufika Ulaya kusoma. Nimewapa vijana kadhaa kitabu hiki, wale wanaosema kusoma kunawaudhi, na hakuna aliyenirudishia akasema hakukimaliza. Baadhi hawakukirudisha kabisa, lakini hilo ni suala jengine. Vijana wetu wengi wana ndoto hiyo hiyo ya kuondoka, kwenda Ghuba au mbali zaidi, na ni vyema wakasoma habari ya mtu aliyeifanya safari kabla yao akaieleza bila ya kuipamba.

Vuta N'kuvute ndiyo maarufu zaidi, na filamu yake iliyotengenezwa na Amil Shivji ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto mwaka 2021. Ni riwaya kubwa, ya Zanzibar ya miaka ya 1950, ya msichana wa Kihindi aliyeozwa mtu wa makamo, na ya vijana wanaopinga ukoloni kwa siri. Lakini hapa nazungumza na wazazi: humo mna mapenzi na mna ulevi. Mimi simpi mtoto wa darasa la nane. Kijana wa miaka 17 nampa, kisha tunazungumza. Utengano ya Said Ahmed Mohamed ina habari nzito zaidi kuliko hiyo, na ilisomwa katika sekondari za Kenya kama kitabu cha mtihani, wala dunia haikupinduka.

Hapo ndipo huja lile pingamizi la barazani: riwaya ni uongo, na Mwislamu apoteze wakati wake vipi kwa uongo? Mimi si sheikh, nina diploma yangu tu, na sitoi fatwa. Ila najua kwamba uongo ni kumwambia mtu jambo lisilo kweli ukitaka alisadiki. Mwandishi wa riwaya amekwambia mlangoni kwamba hii ni hadithi. Na najua pia kwamba Qur'ani yenyewe, katika Sura Yusuf, imekiita kisa kile bora ya visa. Kisa ni njia ya kufundisha ambayo dini yetu haikuikataa. La kuuliza ni kitabu kile kinamwacha wapi msomaji akikifunga, na hilo mzazi hawezi kulijua asipokifungua mwenyewe.

Kwa watoto wa darasa la saba na la nane, na kwa wazee wanaotaka kucheka, sijaona cha kumshinda Bwana Msa. Mohamed Said Abdulla alisoma habari za mpelelezi Sherlock Holmes, akazipenda, lakini hakuziiga kijinga. Alimchukua mpelelezi na kiko chake akamweka Unguja, katikati ya mashamba ya karafuu na watu wanaoogopa mizimu, akamfanya afikiri kwa utulivu wakati wengine wanakimbilia kwa mganga. Mzimu wa Watu wa Kale ilichapishwa 1960 na hata leo mtoto hawezi kukisia muuaji. Ukitaka kumfundisha mtu kupima ushahidi kabla ya kusadiki uvumi wa WhatsApp, huyo ndiye mwalimu.

Nimebakisha wa kwetu hapa Kenya, na nimewabakisha kwa makusudi kwa sababu hapa ndipo panaponiuma.

Khadija Abdalla Bajaber ni msichana wa Mombasa, wa asili ya Kihadhrami. Mswada wake ulishinda tuzo ya riwaya ya Afrika ya wachapishaji wa Graywolf wa Marekani, ikiwa ndiyo mara ya kwanza tuzo hiyo kutolewa, ukatoka kama kitabu mwaka 2021 kwa jina la The House of Rust. Mwaka uliofuata kilipata tuzo nyingine mpya ya huko huko Marekani, yenye jina la Ursula K. Le Guin. Ni habari ya Aisha, binti wa mvuvi. Baba haonekani baharini, na binti anaingia katika chombo kilichoundwa kwa mifupa, akifuatana na paka msemaji, kwenda kumtafuta. Kuna majini ya bahari, kuna kunguru wenye njama zao. Kunguru wa Mombasa! Hakuna mtu wa mji huu asiyejua kwamba kunguru wale wana njama. Ukisoma, unawasikia bibi zetu wanaposimulia usiku umeme ulipokatika, na unamsikia pia nyanya anayetaka mjukuu aolewe atulie.

Na The Dragonfly Sea ya Yvonne Adhiambo Owuor, ya mwaka 2019, iko Pate. Mwaka 2005 msichana mmoja wa Lamu alialikwa China katika kumbukumbu ya miaka 600 ya safari za Zheng He, kwa kuwa inasemwa jamaa zake ni kizazi cha mabaharia wa Kichina ambao jahazi lao lilivunjika karibu na Pate, na akapewa nafasi ya kusoma huko. Habari hiyo tuliisoma magazetini, tukasema mashallah, ikapita. Owuor akauliza: msichana wa kisiwani, akiwa peke yake kwenye meli akienda kuwa alama ya urafiki wa mataifa mawili, usiku alikuwa akiwaza nini? Akamuunda Ayaana wake. Wapo wanaosema huyu si wa Pwani, ametokea Nairobi, ya Pate yanamhusu nini. Sikubaliani nao. Kitabu kina maneno mengi mno pahali pengine, sentensi zimevishwa dhahabu kama bibi harusi, lakini bahari ameiona, na watu wa Pate amewapa heshima yao. Kama tunaona uchungu kwamba ameandika yeye, basi sisi wenyewe tulikuwa wapi?

Tena vitabu vyote viwili ni vya Kiingereza. Nyanya anayefanana na yule wa The House of Rust yupo Kibokoni leo, na hawezi kukisoma. Hadithi imetoka mtaani kwetu, ikaenda Marekani, ikarudi kama bidhaa ya nje, kwa bei ya bidhaa ya nje. Sisemi hili kumlaumu mwandishi. Lugha ya mtu ni ile inayomjia akikaa kuandika, na aliyemwekea tuzo alimwekea kwa Kiingereza. Nasema hili kwa wachapishaji wa Nairobi, ambao wana fedha ya kuchapisha miongozo mitatu ya kitabu kimoja cha mtihani, lakini sijawaona wakitafuta mfasiri wa riwaya hizi. Gurnah alifasiriwa na Mzanzibari na kuchapishwa Dar. Nani atamfasiri Bajaber, na kwa Kiswahili cha wapi kama si Kimvita?

Upande wa Kiswahili chenyewe, Zanzibar wanaendelea. Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo siku hizi inaitwa Safal-Cornell, imekuwa ikiwatoa: Ali Hilal Ali na Mmeza Fupa mwaka 2017, Zainab Alwi Baharoon na Mungu Hakopeshwi mwaka 2018. Hiyo ya pili naipendekeza kwa akina mama hasa, na kwa waume zao hasa zaidi. Kwetu tuna Rocha Chimerah na Siri Sirini yake, na wachache wengine, lakini ukilinganisha na wingi wa washairi tulio nao, riwaya ya Kiswahili ya Pwani ya Kenya ni kama chombo kimoja katika bandari nzima. Tuzo ile inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na Mkenya hazuiwi kuingia.

Mwisho ni suala la fedha, maana najua kitabu kinashindana na unga. Riwaya za Kiswahili ni nafuu kuliko za nje, na baadhi ya zile za Adam Shafi zimechapishwa hapa Kenya kwa hivyo hupatikana bila ya kuagiza. Peponi mara nyingi itabidi uagize, au umtume mtu anayekwenda Dar au Tanga. Maktaba ya umma ya Mombasa ina rafu ya Kiswahili ambayo watu hawaitumii ipasavyo. Na kuna njia ambayo sisi mtaani tumeianza tangu likizo ya Agosti: nyumba tano, kila moja inanunua kitabu kimoja tofauti, na kila wiki mbili kitabu kinahamia nyumba ya pili. Kanuni ni mbili tu. Anayekipokea anaandika jina lake kwenye karatasi iliyo ndani ya jalada la mwisho, na hakuna kula mkate wa sinia juu yake. Kuli imeshapita nyumba tatu sasa. Katika nyumba ya tatu mzee mmoja aliyekuwa bandarini aliichukua kutoka kwa mjukuu wake, na mpaka leo mjukuu anaisubiri.